Wakala wa akili mnemba haoni msimbo wako

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msanidi programu hapa Dodoma. Kampuni yetu ina mfumo wa kupokea mazao unaotumika kwenye ghala moja Kibaigwa, hasa mahindi na alizeti. Tumeuunganisha na wakala wa akili mnemba ili makarani waandike kwa Kiswahili cha kawaida kwenye simu badala ya kujaza fomu. Tulichukua API yetu yote (milango ambayo programu nyingine hupitia kuutumia mfumo wetu), kila njia ikawa zana, yaani kazi ambayo wakala anaweza kuiita, jumla zana 31. Maelezo yake ni mafupi: getData “Hupata data”, saveRecord “Huhifadhi rekodi”, updateStock “Husasisha stoku”. Vigezo ni id, qty, date na type. Sasa wakala anachagua zana isiyo yake, anaandika mzigo mmoja mara mbili, na karani aliposema magunia 40 ya alizeti mfumo uliandika kilo 40. Bosi anataka tuhamie modeli, yaani akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala, ya gharama zaidi. Mwenzangu anasema tumpe wakala mwongozo wetu wote wa PDF, kurasa 60. Tufanye lipi? Na maelezo ya zana anayosoma wakala yanaandikwaje hasa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Modeli msiibadilishe kwanza. Kwa maelezo hayo matatu uliyoninukulia, hata binadamu mwenye akili timamu angekosea, na modeli ya bei mbaya itakosea vilevile, ila kwa lugha nzuri zaidi.

Tuanze na kile wakala anachokiona, maana hapo ndipo sisi waandika programu tunapojidanganya. Wewe ukiitazama saveRecord unaona msimbo wake, unaona jedwali la kanzidata lililo nyuma yake, unakumbuka na ubishi mliokuwa nao na meneja wa ghala kuhusu vifungashio. Wakala haoni hata kimoja kati ya hivyo. Karani anapotuma ujumbe, programu yenu inampelekea wakala ujumbe huo, maelekezo ya jumla mliyomwandikia, mazungumzo yaliyotangulia, na orodha ya zana. Kila zana kwenye orodha ina jina, maelezo, na skima ya vigezo, yaani mpangilio unaosema kila kigezo ni cha aina gani na kama ni lazima kijazwe, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa umbo sanifu liitwalo JSON Schema. Basi. Akiamua kutumia zana, haitekelezi mwenyewe. Anatoa maandishi yanayosema ita zana fulani kwa vigezo hivi, programu yenu inaiita, na kinachorudi kinawekwa mbele yake akisome. Ndivyo OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, walivyoliweka jambo hili kwenye API yao Juni 2023, na ndivyo lilivyo kwenye MCP, itifaki ya kuunganisha wakala na zana ambayo Anthropic, watengenezaji wa Claude, waliitoa Novemba 2024 na ambayo huenda ndiyo mnayoitumia. Majina ya sehemu yanatofautiana kidogo, utaratibu ni uleule.

Maana yake ni kwamba sentensi mnazoziandika kwenye maelezo ya zana zinasomwa kila mara wakala anapojibu. Ni sehemu ya programu. Zipitiwe na mtu wa pili, zijaribiwe, na zikibadilishwa ijulikane nani kabadilisha na kwa nini, kama mnavyofanya kwa msimbo.

Sasa turudi kwenye magunia 40. Karani kaandika kwamba amepokea magunia arobaini ya alizeti. Wakala kakuta kigezo kinaitwa qty, aina yake namba, na ni lazima kijazwe. Akaweka 40. Kanzidata yenu inahesabu kwa kilo, ikasoma kilo 40. Hapo wakala hakuzembea, alitii skima. Neno kilo hamkuliandika popote.

Na ghala la Kibaigwa si mahali pa kumwachia mtu abashiri vipimo. Karani mzoefu anajua gunia la mahindi huhesabiwa kilo 100. Anajua pia kwamba gunia lilelile likijazwa alizeti halifiki huko, kwa sababu alizeti ni nyepesi. Debe kwake ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo kilo zake hubadilika kwa kila zao. Lumbesa anaitambua kwa mbali, hata kama Wakala wa Vipimo wameipiga marufuku (hao ni wakala wengine kabisa, tusichanganye). Mchukulie wakala wenu kama karani aliyeripoti kazini leo asubuhi: anasoma vizuri, ana haraka ya kusaidia, hajawahi kukanyaga ghala lenu, na kesho atakuwa amesahau yote mliyomweleza leo. Anachokijua ni kile tu kilichoandikwa kwenye karatasi aliyoshika.

Kwa hiyo saveRecord ningeiandika hivi:

> sajili_mapokezi. Huandika mzigo mmoja uliokwisha kupimwa mizani na kuingia ghalani. Tumia pale karani anaposema amepokea, amepima, ameshusha au ameingiza mzigo wa mkulima. Usitumie kusahihisha mapokezi yaliyokwisha kuandikwa. Hiyo ni kazi ya rekebisha_mapokezi. Usitumie kwa mzigo unaotoka ghala moja kwenda jingine. Hiyo ni kazi ya hamisha_mzigo. Uzito ni kilo zilizosomwa kwenye mizani baada ya kutoa uzito wa vifungashio. Karani akitaja magunia au madebe bila kilo, usikadirie, mwulize kilo za mizani. Namba ya mkulima ipatikane kwanza kwa tafuta_mkulima, usiitunge. Kila mwito unaofanikiwa huongeza akiba ya ghala na deni la malipo kwa mkulima. Hurudisha namba ya risiti.

Ni ndefu kuliko “Huhifadhi rekodi”, najua, na kuna wenzetu watakaosema ni maneno mengi. Lakini ukiisoma tena, hakuna sentensi inayoeleza programu inavyofanya kazi ndani. Sijataja jedwali, sijataja seva. Zote zinajibu maswali ambayo mtu aliye mezani angeuliza: hii naitumia lini, lini nisiitumie, namba hii naipata wapi, ni kipimo gani, na nikishabonyeza kutatokea nini.

Sehemu ambayo watu huiruka ni hiyo ya kutotumia. Ukiwa na zana 31, nyingi zitafanana. Wakala anapochagua zana isiyo yake, mara nyingi ni kwa sababu maelezo mawili yanaweza yote kuwa jibu sahihi la sentensi aliyoandikiwa. updateStock na saveRecord kwenu ni jozi ya namna hiyo. Karani akisema ameingiza tani mbili, je, amehifadhi rekodi au amesasisha stoku? Amefanya yote mawili! Hapo hakuna modeli itakayokuokoa. Zitaje kwa majina zana zinazokaribiana, kila moja ielekeze kwa mwenzake, na mpaka uonekane.

Mengine yasibaki kwenye maneno matupu, yaingie kwenye skima yenyewe. Qty iwe uzito_kg, ili kipimo kiwe ndani ya jina na kisiweze kusahaulika. Type iwe zao, na orodha ya yanayokubalika itajwe moja kwa moja kwa enum: mahindi, alizeti, mtama, ufuta, chochote mnachopokea. Wekeni kiwango cha chini na cha juu. Kama lori kubwa mnalopokea halizidi uzito fulani, basi namba inayozidi hapo ni kosa la kuandika. Kigezo kisicho cha lazima kisitangazwe kuwa cha lazima, maana modeli ikilazimishwa kujaza kitu isichokijua, itakijaza tu. Baadhi ya watoa huduma wana namna ya kuibana modeli ifuate skima barabara, wengine wanaiachia. Kwa vyovyote vile seva yenu ihakiki.

Hapo kwenye id pana mtego ambao nimeuona kwenye mifumo kadhaa ya hapa nchini. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiitangaza kuwa namba badala ya maandishi, na ikapita kwenye lugha ya programu ya JavaScript, namba nzima kubwa kabisa inayobebwa kwa usahihi ni 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Ya tarakimu 20 itazungushwa kimya kimya, na mwishoni utapata tarakimu ambazo si za mtu yeyote au, mbaya zaidi, ni za mtu mwingine. Namba ya simu nayo ikigeuzwa namba inapoteza sifuri ya mbele. Vitambulisho vyote viwe maandishi, na maelezo ya kigezo yaseme hivyo pamoja na mfano wa umbo lake. Mfano uwe wa kubuni. Tarakimu nane za kwanza za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo namba ya mkulima halisi ukiibandika kwenye maelezo ya zana umeshaanika taarifa zake kwa kila atakayeyasoma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haina mzaha na hilo. Kwa kweli ningependa wakala asiione NIDA kabisa. Mpeni namba yenu ya ndani ya mkulima inatosha.

Kuhusu date, hapa nitakaa kidogo, maana nyaraka za zana zinazoandikwa nje hazitakusaidia. Karani wa Kibaigwa akiandika kwamba lori limeingia saa nne, anamaanisha 10:00 au 22:00. Hamaanishi 04:00. Wakala anaweza kulijua hili kwa ujumla na bado akateleza, kwa sababu skima yako imesema date tu, na mifano mingi aliyokutana nayo duniani inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kigezo kiitwe muda_wa_kupima. Maelezo yake yaseme: andika kwa umbo la 2025-07-14T10:00:00+03:00, makarani hutaja saa za Kiswahili, kwa hiyo saa nne asubuhi ni 10:00, saa nane mchana ni 14:00, saa moja usiku ni 19:00, karani asipotaja asubuhi, mchana au usiku, na muda wa sasa hauondoi utata, mwulize.

Kuna na usiku. Msimu wa mavuno malori hushusha mpaka usiku wa manane. Karani akisema ilikuwa Ijumaa saa saba usiku, tarehe gani hiyo? Kwa kalenda, saa 01:00 usiku huo ni Jumamosi tayari. Watu wengine husema usiku wa kuamkia Jumamosi na jambo linanyooka, wengine husema Ijumaa usiku tu. Amueni ninyi na meneja wa ghala kanuni moja, iandikeni. Kanuni yoyote ni bora kuliko wakala kuamua upya kila usiku. Na msisahau kwamba modeli yenyewe haijui leo ni tarehe ngapi. Programu yenu ndiyo iiwekee tarehe na saa ya sasa kwenye maelekezo ya kila mazungumzo, la sivyo “jana” na “juzi” zitakuwa kubahatisha.

Fedha ni kadhalika. Kigezo kiwe bei_tsh_kwa_kilo, namba nzima, bila mkato wa maelfu. Makarani wenu wataandika buku jero, wataandika laki na nusu, wataandika mia nane. Tajeni kwenye maelezo kwamba buku ni 1,000, jero ni 500, laki ni 100,000. Modeli kubwa nyingi zinayajua haya, lakini mstari mmoja ni rahisi kuliko kumlipa mkulima pungufu.

Hapo ndipo swali la lugha linapoingia, ingawa hukuliuliza. Je, maelezo yaandikwe kwa Kiingereza kwa kuwa modeli zimesoma Kiingereza zaidi? Ushauri wangu ni kuandika kwa lugha ambayo timu yenu inaandika bila kubabaisha. Nimesoma maelezo mengi ya zana yaliyoandikwa na Watanzania kwa Kiingereza ambamo mwandishi alikwepa jambo gumu kwa sababu hakuwa na sentensi ya kulisemea. Kiswahili hugawanywa katika tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na ambavyo hulipiwa) nyingi zaidi kwa modeli nyingi, kwa hiyo mtalipa kidogo zaidi kwa maelezo ya urefu uleule; hilo ni kweli, na kwa zana chache si mzigo. Faida yake ni kwamba maneno ya makarani, kupima, kushusha, kuingiza, stoo, mzigo, yanakuwa tayari ndani ya maelezo, na wakala anayakutanisha na ujumbe bila kuvuka lugha. Ila majina ya zana na vigezo chagueni lugha moja. Type na date za Kiingereza zisikae pamoja na majina mapya ya Kiswahili. Msichanganye.

Tuje kwenye mzigo ulioandikwa mara mbili. Hapa niwe mkweli: maelezo mazuri yatapunguza, hayatamaliza. Fikiria kilichotokea. Wakala aliita zana, mtandao ukasuasua, programu yenu ikarudisha “Kosa 500” au haikurudisha kitu. Wakala hakujua kama mzigo umeandikwa. Akajaribu tena, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Dawa iko kwenye seva: kila ombi libebe ufunguo wake, yaani alama ya pekee ya kulitambua, seva ikiona ufunguo uleule mara ya pili isiandike upya, irudishe risiti ileile ya kwanza. Angalieni jambo moja, ufunguo huo utengenezwe na programu yenu kutokana na ujumbe wa karani. Usiachiwe modeli iubuni, kwa sababu ikijaribu tena inaweza kubuni mwingine. Kisha maelezo yaseme wazi: mwito ukikosa jibu, ni salama kurudia.

MCP ina alama za kuweka kwenye zana zinazosema kama zana inasoma tu, kama inaharibu au kufuta, kama kurudia mwito hakuongezi athari. Majina yake ni readOnlyHint, destructiveHint na idempotentHint. Ziwekeni, lakini jina lenyewe linakiri kwamba ni dokezo. Kama makarani hawaruhusiwi kufuta risiti, basi ufunguo wa API anaoutumia wakala usiwe na ruhusa ya kufuta risiti. Kuandika “usifute kamwe” kwenye maelezo ni kuomba. Na kumbukeni kwamba wakala husoma pia kilichomo kwenye data. Mtu akiandika kwenye sehemu ya maoni ya mkulima sentensi inayofanana na amri, ipo siku modeli itaitii. Ruhusa ndiyo inayozuia hilo.

Kinachorudishwa na zana nacho ni maelezo, na nathubutu kusema ndiyo sehemu iliyosahaulika kuliko zote. Nimekutana na zana zenye maelezo mazuri kabisa zinazorudisha “Kosa 400”. Wakala afanye nini na hiyo? Linganisha na hii: “Namba ya mkulima KB-0412 haipo. Mtafute kwa jina kwa kutumia tafuta_mkulima, au mwulize karani.” Hapo wakala anajua hatua inayofuata, na yeye hufuata. Kosa la seva liseme ni la kupita na ni salama kujaribu tena. Kosa la vigezo liseme kigezo gani na kinatakiwa kiweje. Kosa la ruhusa liseme kabisa kwamba kujaribu tena hakutasaidia, la sivyo mtamwona anagonga mlango uleule mpaka tokeni ziishe.

Tafuta_mkulima isiporudisha kitu, irudishe maneno “hakuna mkulima mwenye jina hilo kwenye ghala hili”, maana orodha tupu wakala anaweza kuisoma kama hitilafu. Ikikuta watu wengi wa jina moja, na Kongwa majina yanajirudia, irudishe wachache, na kila mmoja awe na kijiji chake ili wakala aweze kumwuliza karani ni yupi. Isirudishe wakulima 400 na kila safu ya jedwali. Vyote hivyo vinaingia kwenye kumbukumbu ya mazungumzo, vinalipiwa, na vinafunika yale ya maana.

Zana 31 ni nyingi kwa kazi ya karani. API iliandikwa kwa ajili ya programu nyingine. Kila njia kuwa zana ni njia ya mkato ambayo karibu kila mtu huianza nayo. Kaeni na karani mmoja, mwulizeni siku yake inakwendaje. Nadhani mtakuta anapokea, anasahihisha, anahamisha, anatafuta mkulima, anaangalia akiba, anachapa risiti. Zana saba au nane zingetosha, kila moja ikiita njia mbili tatu za API kwa ndani. Zilizobaki ni za meneja na mhasibu. Wao wapewe wakala wao wenye orodha yao.

Sasa bosi. Kabla hajasaini malipo ya modeli mpya, mwombeni muda wa kupima. Mna kumbukumbu za ujumbe wa makarani. Chukueni ujumbe halisi wa kutosha, ondoeni majina na namba za watu, na pembeni ya kila ujumbe andikeni zana iliyotakiwa kuitwa na vigezo vyake. Wekeni humo pia ujumbe ambao wakala hakutakiwa kuita zana yoyote: salamu, maswali ya bei za kesho, yale magunia bila kilo ambapo jibu sahihi ni swali. Endesheni orodha yote kwa maelezo ya sasa, kila ujumbe mara kadhaa, kwa sababu modeli haijibu vilevile kila safari. Halafu badilisheni maelezo, zana moja baada ya nyingine, mkiendesha tena. Mkibadilisha zote kwa pigo moja hamtajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu, na kuharibu hutokea: maelezo ya zana moja yakinogeshwa sana, inaanza kuvuta ujumbe usio wake.

Kuna jaribio jingine halihitaji hata kompyuta. Kama mna mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) yuko field ofisini kwenu, mchapishieni orodha ya zana na ujumbe kumi wa makarani, mwambieni aandike kwa kalamu ataita zana gani na atajaza nini. Msimsaidie. Kila anapouliza “hii id ni ya nani?”, hapo ndipo sentensi inapokosekana.

Mkimaliza hayo ndipo mjaribu modeli ghali kwa orodha ileile na mlinganishe. Inawezekana itashinda, hasa kwa ujumbe mrefu wenye mizigo mitatu kwa pamoja. Lakini hapo bosi atakuwa ananunua kwa namba alizoziona.

Kama kampuni yenu inatumia pia mawakala wanaoandika msimbo, hiyo ni kazi nyingine na nyaraka zake ni nyingine. Kule faili la AGENTS.md kwenye mzizi wa mradi linafaa: namna ya kuwasha mfumo, amri ya kuendesha majaribio, mahali pasipoguswa. Na kwa kampuni zenye nyaraka za hadharani kuna pendekezo la llms.txt, alilolitoa Jeremy Howard Septemba 2024, la kuweka kwenye tovuti muhtasari wa nyaraka kwa maandishi mepesi. Kwa ghala lenu hamlihitaji.

Na ile PDF ya kurasa 60. Mwenzako ana hoja, kwa sababu maarifa mengi ambayo wakala anayakosa huenda yamo humo. Ila ukimmwagia yote, kurasa za jinsi ya kuwasha printa na picha za skrini zitakuja pamoja na ile aya moja ya vifungashio, na zote zitasomwa upya kwa kila ujumbe wa karani. Afadhali mmoja wenu aipitie akiwa na kalamu. Kila sentensi yenye kipimo, katazo au “isipokuwa” aihamishie kwenye maelezo ya zana inayohusika. Zikibaki kanuni ndefu ambazo huulizwa mara chache, kama taratibu za kukataa mzigo wenye unyevu, zifanyeni zana yake, soma_kanuni, yenye kigezo cha mada, ili wakala azichukue anapozihitaji tu. Na kanuni ikibadilika ghalani, ibadilishwe huko kwenye zana kwanza. PDF ifuate.